Laki moja ya kaka: kupanga burudani ya nyumba nzima kabla plasta haijakauka

Mafundi walikuwa wameshaanza kubandua plasta kuukuu ya nyumba yetu ya Mji wa Kale, hapa Mombasa, kaka yangu alipopiga simu kutoka Muscat. Alikuwa amejibana akakusanya shilingi laki moja. Hakuzituma kwa ajili ya chokaa wala rangi. Alitaka, kwa maneno yake, "mama na watoto wawe na TV kila chumba, wasipande na kushuka ngazi kutafuta pa kutazama." Pesa zikafika siku hiyo hiyo. Kufikia Magharibi, shemeji alikuwa na picha ya TV ya inchi 65 kwenye simu yake, mpwa wangu ameshachagua spika zenye taa za rangi, na mimi, niliyesomea stashahada ya umeme kabla ya maisha kunitupa kwenye kuandika, nikaamrishwa niwapeleke dukani Jumamosi.

Sikuwapeleka, na walininunia wiki nzima. Mkataba wa kaka unaisha mwakani na hajui kama utaongezwa. Laki kama ile huenda isije tena nyumbani mwetu kwa miaka. Nilitaka iingie mahali ambapo haitapotea.

Nina sababu ya kuogopa. Mwaka 2016 nilimaliza nyumba yangu ndogo ya Kisauni, nikapaka rangi, nikahamia, ndipo nikakumbuka TV. Nilinunua kubwa, na amplifaya, na spika tano. Fundi akaja na drili. Akatoboa ukuta mpya, akapitisha nyaya juu ya milango kama kamba za kuanikia nguo, akanipigia misumari sebule nzima. Haikupita miezi minane, stima ilipotea usiku mmoja, iliporudi ikarudi kwa kishindo, na asubuhi tukanusa plastiki iliyoungua. TV ilikufa, amplifaya ikakufa. Zilizobaki ni zile nyaya juu ya milango.

Basi sheria yangu tangu siku hiyo ni hii: pesa ya kwanza huenda ndani ya ukuta, pesa ya pili huenda kwenye kuilinda stima, na pesa ya kioo ni ya mwisho. TV ya bei nafuu ukiipata miaka sita au saba umshukuru Mungu. Paipu iliyolala ndani ya plasta utamwachia mjukuu. Na TV unaweza kuinunua mwezi wowote utakapopata, lakini ukuta haufunguliwi kila mwezi.

Kazi ya kwanza haikuwa hata ya ufundi. Nilichukua daftari nikazunguka nyumba nzima nikiuliza kila mtu: wewe hasa unataka kuona nini, kusikia nini, na saa ngapi? Nyumba yetu ina tabaka tatu. Chini yupo mama. Orofa ya kwanza yupo shemeji na wanawe wanne. Juu kabisa yupo dada yangu na mumewe, ambaye hufanya kazi za zamu na mara nyingi hulala mchana.

Majibu yaliniacha kinywa wazi. Mama hakutaka TV mpya kabisa. Alitaka kusikiliza Qur'ani baada ya Alfajiri, taarifa ya habari akiwa jikoni, na kuiona Makka mbashara ikifika Ramadhani. Dada alitaka tamthilia zake usiku, bila kumwamsha mtu. Wavulana walitaka mpira na michezo ya kompyuta. Shemeji nilidhani atang'ang'ania TV za vyumbani. Aliniuliza tu, "Nikiwapa watoto TV chumbani, mimi nitawaona saa ngapi?" Mtu pekee aliyetaka TV kila chumba alikuwa kaka, na yeye yuko ng'ambo. Tulihitaji kioo kimoja kipya, tuhamishe cha zamani cha inchi 32 kiende kwa mama, na dada alikuwa na chake. Kwa daftari hilo la shilingi 50 tuliokoa bei ya TV mbili.

Sasa tuje kwenye ukuta, maana hapo ndipo penye kazi.

Nyumba zetu za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Ukuta unaweza kufika nusu mita kwa unene. Ndio maana ndani kuna ubaridi wakati nje jua linachoma, na ndio maana pia waifai hufia mlangoni. Hebu fikiria: mwaka 2009 kebo ya TEAMS ililazwa baharini kutoka Fujairah mpaka hapa kwetu Mombasa. Mawasiliano husafiri maelfu ya kilomita chini ya maji, yakafika nyumbani salama, kisha yakashindwa na ukuta wa babu ulio kati ya ukumbi na jiko.

Watu wengi hujaribu kuliponya hilo kwa kununua ruta kubwa zaidi, yenye pembe sita. Haisaidii sana. Waifai ina masafa mawili ya kawaida: la gigahezi 2.4 ambalo hupenya ukuta vizuri zaidi lakini lina kasi ndogo na msongamano wa majirani, na la gigahezi 5 ambalo lina kasi lakini huchoka haraka likikutana na jiwe. Dawa ya kweli ni waya. Pitisha waya wa mtandao ndani ya paipu mpaka kila tabaka, kisha huko mwisho uweke kirusha waifai kidogo cha bei rahisi. Jiwe halina la kufanya kwa sababu umelizunguka.

Waya wenyewe uwe Cat6, au Cat5e ukibanwa na bajeti. Zote mbili hubeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, na hiyo ni zaidi ya nyumba yoyote utakayojenga. Ila hapa ndipo wengi huibiwa mchana kweupe. Dukani kuna waya za namna mbili zinazofanana kama pacha. Moja ni shaba tupu. Nyingine ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu, na bei yake huvutia sana. Alumini ile hukatika ukiikunja mara mbili tatu, na katika hewa yetu ya chumvi ncha zake huliwa upesi. Chukua wembe, kwangua ncha ya waya mmoja. Ukiona weupe chini ya wekundu, mrudishie mwenyewe kwa heshima.

Fundi wetu alitaka kuchimba mfereji ukutani kwa mashine, tangu chini mpaka juu. Nilimkataza. Ukuta wa matumbawe haupendi kutikiswa, na aliyekuwa anataka kuziba mfereji huo kwa saruji angetuletea balaa jingine, kwa kuwa saruji hufungia unyevu ndani na chokaa ya kando ikaanza kubanduka. Tulipandisha paipu kuu kwenye pembe ya ngazi, tukazitambaza nyingine chini ya dari sambamba na boriti, na vipande vifupi vya kushukia ndivyo tu tulivyovilaza ndani ya plasta mpya ya chokaa. Nikwambie ukweli, yule fundi alinuna pia. "Ami, kazi ya siku mbili umeifanya nne," aliniambia. Alikuwa sahihi, na nililipa siku nne.

Kama nyumba yako iko kwenye eneo la uhifadhi kama letu, usitoboe ukuta wa mbele wala kutundika dishi linaloonekana kutoka njiani kabla ya kuzungumza na ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa. Ndugu zetu wa Lamu wanalijua hili vizuri zaidi, kwa kuwa mji wao uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Na wewe unayejenga nyumba mpya Bamburi au Likoni, una bahati kuliko sisi: laza paipu kabla ya kumwaga zege la orofa na kabla ya plasta. Wakati huo paipu ni pesa ndogo mno. Baada ya hapo ni pesa za kuvunja, kuziba, kupaka rangi na kuomba radhi kwa mkeo.

Mambo machache ya paipu ambayo fundi mwenye haraka hukusahaulisha. Waya wa stima na waya wa mtandao visilale paipu moja kamwe. Zikienda sambamba ziachane kama shibiri, na zikikutana zikatane kwa msalaba. Kona ziwe za taratibu, kwani kona kali waya hukwama. Kila mahali pa TV pitisha waya mbili za mtandao na mmoja wa antena, hata kama leo unahitaji mmoja tu. Usifukie waya wa HDMI: ule wa bei rahisi huanza kusumbua ukizidi mita kumi hivi, na toleo lake hubadilika kila baada ya miaka kadhaa. Andika jina kwenye kila ncha. Na katika kila paipu, hata ile tupu, acha kamba ya nailoni imelala ndani kutoka mwanzo hadi mwisho, ili kesho atakayetaka kuongeza waya aufunge kwenye kamba na kuuvuta. Hii ina faida nyingine ambayo wanawake wa nyumbani kwetu waliiona kabla yangu: fundi akirudi, hufanya kazi kwenye boksi la ngazini, hana haja ya kupita vyumba vya ndani watu wakijisitiri.

Nyaya zote hukutana mahali pamoja. Sisi tulitumia kabati iliyo chini ya ngazi, mbali na mvuke wa jiko na maji ya choo, tukatoboa matundu ya hewa mlangoni. Humo imo ruta, swichi ya mtandao yenye milango minane, na betri ndogo ya kuiwezesha ruta isizime stima ikipotea.

Stima yenyewe sitaipita haraka, kwa kuwa ndiyo iliyonitia hasara. Nyumba nyingi za zamani zina soketi za matundu matatu, lakini nyuma yake kuna nyaya mbili tu. Tundu la tatu ni pambo, waya wa ardhini haupo. Ukichomeka gadi ya TV kwenye soketi hiyo, sehemu ya kazi yake umeiua, kwa kuwa umeme wa ziada hauna pa kukimbilia. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, apime, na kama hakuna ardhi, apigilie fimbo na kupitisha waya wake ipasavyo. Usimwache yule kijana wa mtaani ambaye hupima stima kwa kidole.

Gadi nzuri ina kazi mbili: hukata stima ikipanda au kushuka kupita kiasi, na stima ikirudi husubiri dakika chache kabla ya kuiruhusu iingie. Kile kishindo cha kurudi ndicho kilichoniua mimi 2016. Lakini gadi haizuii radi. Mvua za masika zikianza kunguruma, chomoa plagi, na chomoa pia waya wa antena, maana radi hujua njia hiyo. Na jambo dogo la tokeni: king'amuzi kinachokula wati 10 kikiachwa kimewashwa saa 24, mwezi ukiisha kimekula uniti zaidi ya saba bila mtu kutazama chochote. Tulitia swichi moja ukutani inayozima TV, king'amuzi na spika kwa pamoja. Ruta ndiyo peke yake inayolala macho.

Picha zitoke wapi? Hapa watu hulipa mara mbili bila kujua. Tangu Kenya ihamie dijitali mwaka 2015, chaneli za bure hupokewa kwa mfumo wa DVB-T2. TV nyingi za sasa zina kipokezi cha mfumo huo ndani yake. Tazama kwenye karatasi ya boksi. Ikiwa TV yako inacho, hauhitaji king'amuzi kwa chaneli za bure. Antena moja nzuri juu ya paa, waya wake ukagawanywa, na kila TV huchagua chaneli yake: mama atazame habari, watoto katuni. Ila kigawanyi hugawa kweli. Kila njia ya kigawanyi cha njia mbili hupata chini kidogo ya nusu ya nguvu. Ukigawa mara nne kwa antena dhaifu, picha zitavunjika vunjika. Kikuza mawimbi, ukikihitaji, kikae juu karibu na antena. Kikiwekwa karibu na TV hukuza na uchafu wote uliookotwa njiani.

King'amuzi cha kulipia ni habari nyingine. Kimoja hutoa chaneli moja kwa wakati. Ukikigawanya kwa waya kwenda TV tatu, wote watatu wataona kile anachokiona mwenye rimoti, na hapo ndipo ndugu hugombana. Na dishi haligawanywi kwa kigawanyi cha antena: kila kipokezi huvuta waya wake mwenyewe kutoka kwenye kichwa cha dishi, kwa hiyo nunua kichwa chenye matundu mawili au manne tangu mwanzo. Sisi tuliamua kutolipia king'amuzi chochote kwa sasa. Wavulana walilalamika kuhusu mpira. Nikawaambia mechi kubwa ziko kibandani kwa jirani, na kutembea ni afya.

Huku kwetu adui wa kila kitu kilicho juu ya paa ni chumvi. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Kila kiungo kifungwe kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, na kabla ya waya kuingia ndani ya nyumba, uache uning'inie kidogo kama tumbo ili maji ya mvua yadondoke hapo yasiufuate mpaka kwenye TV.

Intaneti ya kebo tuliyoilipia ni ya megabiti 15 kwa sekunde. Picha safi ya HD huhitaji kama megabiti tano, kwa hiyo nyumba inaweza kutazama vitu vitatu kwa wakati mmoja bila kukwamakwama. Ile picha ya 4K inayosifiwa dukani huhitaji kama 15 peke yake, yaani mtu mmoja atawanyang'anya wengine wote. Wala usijaribu kuendesha nyumba nzima kwa bando za simu. Saa moja ya HD inaweza kumeza gigabaiti tatu. Piga hesabu ya mwezi wa Ramadhani mama akiacha Makka ikiendelea tangu daku.

Sasa ile TV ya inchi 65. Sikubishana na shemeji, nilichukua futi kamba. Vyumba vyetu vya zamani ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu upana wao uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko. Ukumbi wetu una mita 2.7. Ukitoa makochi, jicho liko mita 2.1 kutoka ukutani. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni kukaa umbali wa mara moja na nusu hadi mbili na nusu ya ulalo wa kioo. Inchi 43 ni sentimita 109, kwa hiyo umbali wake ni kati ya mita 1.6 na 2.7, na sisi tuko katikati. Inchi 65 ni sentimita 165, na ungetaka ukae angalau mita mbili na nusu, yaani mgongo uwe ndani ya ukuta. Halafu tukapima ngazi. Boksi la inchi 65 lisingekata kona ya orofa ya kwanza hata likilazwa. Shemeji alicheka mwenyewe.

Usiitundike TV karibu na dari kama ile ya hospitali. Katikati ya kioo iwe usawa wa macho ya aliyekaa. Hakikisha ina tundu la waya wa mtandao na tundu la HDMI lililoandikwa ARC, ambalo hupeleka sauti kwenye spika kwa waya mmoja. Programu za ndani za TV rahisi huzeeka upesi, zikakataa kufunguka baada ya miaka michache. Hilo lisikukoseshe usingizi: kifaa kidogo cha kuchomeka nyuma kitairudishia ujana kwa sehemu ndogo ya bei ya TV.

Kwa upande wa sauti, spika tano za Kisauni zilinifunza kwamba chumba chenye kuta tupu na sakafu ya vigae huirudisha sauti mpaka maneno hayasikiki. Busati, mapazia mazito na mito ya makochi hufanya kazi ambayo spika ghali haiwezi. Tulinunua spika moja ndefu ya kuweka chini ya TV. Kwa dada, vipokea sauti vya masikioni alivyokuwa navyo tayari. Kwa mama nilichukua simu ya zamani ya mpwa wangu yenye kioo kilichopasuka, nikaiunganisha na kispika alichokuwa nacho, nikaiweka kwenye kidaka cha jikoni ikishika waifai. Anaamka, anabonyeza mara moja, anasikia Qur'ani. Kati ya vyote tulivyofanya, hicho ndicho kinachotumika zaidi, na hakikugharimu kitu.

Kitu cha mwisho ni maktaba ya nyumbani. Laptopu kuukuu ya shemeji, ambayo betri yake ilishakufa, sasa imo kabatini chini ya ngazi ikiwa na diski ya terabaiti moja na programu ya Jellyfin, ambayo ni ya bure kabisa. Ukiweka humo masomo ya watoto, kaswida, filamu, maulidi uliyorekodi mwenyewe, kila TV na simu ya nyumba huviona, hata intaneti ikikatika.

Lakini kuna jambo moja lililotaka kutuletea aibu. Mpwa wangu, kwa bidii yake, alinakili humo video zote za nyumbani, pamoja na ile ya harusi ya dada upande wa wanawake. Usiku huo mume wa dada alikuwa na wageni wake juu, akafungua orodha kwenye TV, na ile picha ikatokea mbele yao. Alizima haraka. Dada hakulala. Jellyfin inaruhusu kila mtu awe na jina na neno la siri lake, na kila jina kuchaguliwa mafungu litakayoyaona. Tuliyapanga hayo kesho yake, na hapo yalipaswa kupangwa kabla ya kunakili hata faili moja. Ile ya harusi tuliiondoa kabisa. Iko kwenye diski ndogo ndani ya kasha la dada, na ufunguo anao yeye.

Hesabu niliyompelekea kaka ni hii. Paipu, maboksi na viungo shilingi 6,500. Waya wa mtandao mita 120, shilingi 7,200. Waya wa antena mita 60, shilingi 2,400. Fundi na msaidizi siku nne, 12,000. Fimbo na waya wa ardhini 3,500, gadi tatu 5,400. Swichi ya mtandao 2,500, virusha waifai viwili 6,000, betri ya ruta 3,500. Antena na kigawanyi 2,500. TV ya inchi 43, 27,000. Spika 9,000. Diski 6,000. Hizo ni 93,500, na bei hizo ni za siku ile na za kubembeleza, za kwako zitapanda au kushuka. Zimebaki 6,500, ambazo ni ada ya miezi miwili ya intaneti na akiba kidogo. Mpwa bado anazitolea macho kwa ajili ya zile taa za rangi.

Kaka alipiga simu ya video shemeji akamzungusha nyumba nzima. Alisifu ukumbi, akamsalimia mama jikoni, kisha akauliza TV ya chumbani kwake iko wapi. Shemeji akamwonyesha kifuniko cheupe karibu na dirisha, na ncha ya kamba ya nailoni ikichungulia. Alikaa kimya kidogo, akauliza kamba ile inakwenda mpaka wapi. Tukamtumia picha za kila ukuta tulizopiga kabla ya plasta, futi kamba ikiwa imewekwa pembeni ili vipimo visomeke. Anazo Muscat, na nakala iko kwenye simu ya shemeji.